Seydou Keïta, fundi wa mbao aliyepiga kila mteja picha moja tu

Mwaka wa 1991, mu jumba moja la maonyesho huko New York, Marekani, watu walikuja kutazama kazi za sanaa kutoka Afrika. Kati ya vitu vyote vile kulikuwa picha chache za rangi nyeusi na nyeupe. Ndani yake, wanaume na wanawake wa Kiafrika walikuwa wamevaa vizuri, wametulia, wanamtazama moja kwa moja yule anayewatazama. Chini ya picha, mahali pa kuandika jina la fundi, waliandika tu kwamba mpiga picha hajulikani na kwamba picha zilitoka Bamako.

Kumbe mpiga picha alikuwa mzima. Alikuwa mzee wa miaka karibu 70, anakaa Bamako, mu inchi ya Mali. Wakati ule hakushika tena apareyi. Alijishugulisha na kutengeneza mamotere. Mu kartiye yake watu walimjua vizuri sana. Mu masanduku yake, negatifu zaidi ya 10.000 zilikuwa zimetunzwa. Jina lake ni Seydou Keïta.

Leo anahesabiwa kati ya wapiga picha wakubwa ambao Afrika ilizaa mu karne iliyopita. Maisha yake ni masolo ya mtu ambaye hakuingia masomo, ambaye alianza na apareyi ya zawadi, na ambaye alichagua vyombo vyake vya kazi kwa kuhesabu kila franka. Ni masolo pia ya mtu ambaye jina lake lilikuwa karibu kupotea. Kwa kijana wa Bukavu, Goma, Butembo, Bunia ao Kindu ambaye anataka kufungua studio na hajui anunue apareyi gani kwa feza kidogo, maisha hayo yana faida kubwa.

Mtoto wa mafundi wa mbao

Seydou Keïta alizaliwa Bamako karibu mwaka wa 1921. Wakati ule inchi ilikuwa koloni ya Ufaransa na iliitwa Sudani ya Wafaransa. Alikuwa mzaliwa wa kwanza kati ya watoto watano. Baba yake alikuwa fundi wa mbao, na ndugu ya baba yake vilevile. Seydou alikua kati ya randa, misumari na vumbi la mbao, akajifunza kazi ile mikononi mwa wazee wake. Kupima, kunyoosha, kukata mara moja bila kuharibu ubao: ile njo ilikuwa masomo yake ya kwanza.

Mwaka wa 1935, ndugu ya baba yake alirudi kutoka safari ya Senegal na zawadi mkononi. Ilikuwa Kodak Brownie, apareyi ndogo sawa sanduku, ya bei ndogo, iliyotengenezwa kwa watu wa kawaida wasiokuwa mafundi. Ilikuwa na lenzi ya kawaida na karibu hakuna kitu cha kurekebisha. Seydou alikuwa kijana wa miaka karibu 14. Akaanza kupiga watu wa nyumbani na majirani. Picha za kwanza hazikutoka vizuri: mara mkono wake ulitetemeka, mara mtu alisogea. Hata vile hakuacha.

Kwa miaka mingi alifanya kazi mbili pamoja. Alitengeneza vitu vya mbao, na mu wakati uliobaki alipiga picha. Hakurukia studio siku ya kwanza. Mbao zilimpa chakula, picha zilimpa hamu, na polepole picha nazo zikaanza kuleta feza.

Watu wawili walimsaidia kuingia kabisa mu kazi. Wa kwanza ni Pierre Garnier, Mfaransa aliyekuwa na duka la vifaa vya picha mu Bamako. Wa pili ni Mountaga Dembélé, mwalimu wa masomo ambaye alikuwa pia mpiga picha, mmoja wa Waafrika wa kwanza kufanya kazi ile mu muji. Kwa Mountaga, Seydou alijifunza kazi ya chumba cha giza: namna ya kuchanganya dawa, namna ya kuosha filme, namna ya kutosha picha juu ya karatasi. Hapo alielewa jambo moja ambalo wengi hawakulielewa. Feza za mpiga picha haziishi siku ya kununua apareyi. Zinaendelea kutoka kila siku kwa filme, karatasi na dawa. Anayempelekea mwingine filme zake kuosha, yeye anamgawia faida yake.

Studio nyuma ya boloko

Mwaka wa 1948 Seydou Keïta alifungua studio yake mu parsele ya familia, kartiye ya Bamako-Koura, nyuma ya boloko kubwa ya muji. Kumtaja mtu boloko ili aelewe mahali pa studio si kitu cha kumvuta, lakini fundi huyu alikuwa amehesabu vizuri. Stesheni ya treni haikuwa mbali. Treni ya Dakar–Niger ilileta wasafiri kila mara. Soko kubwa lilikuwa karibu, na nyumba ya sinema vilevile. Mtu aliyeshuka treni, aliyemaliza biashara yake, ao aliyevaa vizuri kwa kwenda sinema, alipita karibu na mlango wake.

Vijana waliomsaidia walizunguka huko stesheni na sokoni na mifano ya picha mkononi, wakionyesha watu. Nyuma ya picha kulikuwa kashe ya studio yenye jina lake. Ndani ya studio, mifano mingine ilikuwa imetundikwa ukutani, ili mteja achague mwenyewe namna anavyotaka kukaa. Siku ya posho watu walipanga mstari. Walikuja watumishi wa Leta, wachuuzi, mama na mtoto mgongoni, marafiki wawili, bibi-arusi, askari, hata watu wa siasa. Wengine walitoka mbali, mu inchi za jirani. Mu Bamako ya wakati ule, kupigwa na Keïta ilikuwa alama kwamba mtu amefika.

Ni vizuri kukumbuka mambo yalikuwaje mbele ya pale. Kwa miaka mingi picha za Waafrika zilipigwa na wakoloni. Walimpanga mtu sawa kitu cha kuonyesha: kabila hili, kazi hii, sura hii. Mtu hakuulizwa anataka aonekane namna gani, na picha hakupewa. Kwa Keïta ilikuwa kinyume. Mteja alilipa, mteja alichagua, na mteja alirudi nyumbani na picha yake. Aliitundika ukutani, ao aliituma kwa ndugu aliye mbali.

Kwa nini alichagua apareyi kubwa

Hapa njo penye hesabu ambayo inashangaza wengi. Mu miaka ile apareyi ndogo za filme ya milimita 35 zilikuwa tayari zinauzishwa. Picha moja mu filme ile ina milimita 24 kwa 36. Apareyi yenyewe ni nyepesi, inaingia mu mfuko wa koti, na filme moja inatosha picha 36. Mtu anaweza kufikiri kwamba kwa maskini ile njo ilifaa.

Keïta alichagua kinyume. Mu studio alitumia apareyi kubwa ya mbao, ya kusimama juu ya miguu mitatu, ya aina iliyokuwa imeanza kuonekana ya zamani. Ina mfuko unaokunjika katikati sawa kinanda cha kuvuta, na nyuma yake kioo ambacho sura inaonekana kichwa chini. Fundi anajifunika kitambaa cheusi ili aone vizuri, anaweka sawa, kiisha anaingiza filme kipande kimoja. Kipande kile kilikuwa na sentimita 13 kwa 18.

Sababu ilikuwa feza. Negatifu ndogo ya milimita 24 kwa 36 haiwezi kupewa mteja jinsi ilivyo; picha yake ingekuwa ndogo kuliko kiberiti. Lazima ikuzwe, na kwa kuikuza lazima mashini ya kukuza picha, yenye lenzi yake na taa yake. Ile ni apareyi ya pili ya kununua. Lakini negatifu ya sentimita 13 kwa 18 inatosha yenyewe. Fundi anailaza juu ya karatasi ya picha, anaifinya chini ya kioo, anawasha mwanga kwa muda mfupi, anaosha karatasi mu dawa, na picha ya mteja iko tayari, kipimo sawa na negatifu. Hakuna mashini ya kukuza. Hakuna kitu kinachopotea katikati. Kila uzi wa kikwembe, kila alama ya uso, inapita moja kwa moja toka filme mpaka karatasi.

Kuna faida nyingine. Kipande cha sentimita 13 kwa 18 kina ukubwa mara 27 kuliko picha moja ya milimita 24 kwa 36. Ukubwa ule njo ulifanya ngozi ionekane laini na nguo zionekane kama mtu anaweza kuzigusa. Wateja hawakujua hesabu hiyo, lakini waliiona kwa macho.

Isidhaniwe kwamba apareyi kubwa ni nzuri kwa kila kazi. Mu Bamako hiyohiyo, Malick Sidibé, ambaye alikuwa mdogo wa Keïta kwa umri, alifungua studio yake kartiye ya Bagadadji. Yeye alijulikana zaidi kwa picha za vijana wanaocheza dansi usiku na wanaooga mtoni. Kwa kazi hiyo alitumia apareyi ndogo ya milimita 24 kwa 36, kwa sababu huwezi kumwambia mtu anayecheza twist asimame wakati unajifunika kitambaa. Mu studio, Sidibé alirudi kwenye negatifu kubwa zaidi, ya sentimita 6 kwa 6. Mafundi wawili, muji mmoja, apareyi tofauti, na hakuna aliyekosea. Kila mmoja aliuliza kwanza kazi yake ni ipi.

Mara moja tu

Filme kubwa ilikuwa na bei yake. Kipande kimoja kilichoharibika kilikula faida ya mteja mzima. Kwa hiyo Keïta alijiwekea sheria: kila mteja, picha moja. Alipiga mara moja tu, na ilibidi itoke.

Sheria ile ilimfundisha kutazama. Mbele ya kubonyeza, alikuwa amemaliza kazi yote. Alimgeuza mteja kidogo bega, ili uso usiwe bapa. Alipanga mikono, kwa maana kwa watu wake vidole virefu vilivyotulia ni uzuri. Alinyoosha kikwembe ili maua yake yaonekane, alisogeza kilemba, alivuta mkufu katikati ya kifua. Kiisha alimwomba mtu asitikisike. Fundi wa mbao anajua kwamba ubao ukikatwa vibaya haurudi. Ni desturi hiyohiyo aliyoileta mu picha.

Kwa mwanga alitegemea zaidi jua. Kazi nyingi alizifanya mu lupango, hewani, mahali ambapo mwanga umelainika na haumchomi mtu machoni. Taa za umeme alikuwa nazo pia kwa kazi za ndani na za usiku, lakini taa zinaomba feza na jua haliombi. Leo wanaotazama picha zake wanasifu ule mwanga mtulivu unaozunguka uso. Ulikuwa mwanga wa nyumbani kwake.

Shuka la kitanda

Nyuma ya mteja kulihitajika kitambaa. Keïta hakununua pazia la studio toka Ulaya. Mu miaka ya kwanza, kuanzia karibu 1949 mpaka 1952, alitundika shuka lake mwenyewe la kitanda, lenye nyuzi zinazoning'inia pembeni. Kiisha akabadilisha, akaweka kitambaa cha maua, kiisha cha majani, mpaka kufikia kitambaa cha rangi moja. Alibadilisha karibu kila miaka miwili ao mitatu. Uzeeni, vitambaa vile vilimsaidia kukumbuka: alitazama nyuma ya mtu, akajua picha ni ya mwaka gani.

Mara nyingi kikwembe cha mama chenye maua kilikutana na kitambaa cha nyuma chenye maua mengine, na fundi mwingine angeogopa kwamba macho yatachanganyikiwa. Kwa Keïta, uso ulitoka katikati ya maua yale kwa nguvu zaidi. Kuna picha yake ya mama aliyelala kwa ubavu juu ya kitanda, nguo yake na kitambaa cha kitanda na kitambaa cha nyuma vyote vimejaa mapambo, na bado jicho la kwanza linaenda kwa macho yake.

Studio ilikuwa pia na vitu vya kuazima. Kwa wanaume kulikuwa suti za Kizungu, tai na kofia. Kulikuwa saa za mkono, kalamu, miwani, redio, simu, maua ya plastiki, Vespa, na hata motokari yake mwenyewe ya Peugeot 203. Mteja aliyekuja bila kitu aliweza kuondoka na picha ya mtu mwenye redio. Wengine wanaweza kuona hapo uongo. Lakini mu Bamako ya miaka ile watu walikuwa wanatoka vijijini, wanaingia mu kazi mpya, inchi yenyewe inaelekea uhuru. Walitaka kuonekana vile walivyotumaini kuwa. Picha moja iliyopigwa karibu 1959 inajulikana dunia nzima: kijana mwenye suti nyeupe na miwani mizito, kalamu mfukoni, ameshika ua moja la plastiki mbele ya kifua chake, kwa uangalifu kama mtu aliyebeba yai. Nyingine inaonyesha baba mwenye mwili mkubwa amebeba mtoto mchanga mikononi. Ua lile halikuwa la kweli na suti pengine ilikuwa ya studio, lakini heshima ya kijana yule ilikuwa yake.

Kazi ya Leta, na studio kufungwa

Mali ilipata uhuru mwezi wa tisa mwaka wa 1960. Mwaka wa 1962 serikali mpya ilimwita Seydou Keïta awe mpiga picha wa Leta. Muda mfupi kiisha pale studio ya Bamako-Koura ilifungwa. Toka 1948 mpaka kufungwa kwake hazikufika miaka ishirini. Kazi yote iliyomfanya ajulikane duniani aliifanya mu muda ule mfupi.

Alitumika kwa Leta mpaka 1977, kiisha akaenda pumziko. Wakati ule mambo ya picha yalikuwa yamegeuka. Picha za rangi zilikuwa zimefika, na mashini ziliosha filme kwa haraka. Keïta alipenda nyeusi na nyeupe. Kazi ya mashini haikumvuta. Akageukia mamotere, kitu ambacho alikipenda tangu zamani. Apareyi ikanyamaza.

Lakini alifanya jambo moja ambalo mafundi wengi hawalifanyi: hakutupa negatifu. Mu miji mingi ya Afrika, negatifu za studio za zamani ziliishia mu mvua, mu moto ao kwenye takataka, kwa sababu mteja alikwisha kulipa na hakuna aliyefikiri kwamba zina kazi nyingine. Keïta aliziweka mu masanduku, kwa maelfu. Mteja alipotaka nakala, aliipata.

Jina linarudi

Picha zilizoonyeshwa New York mwaka wa 1991 bila jina ziliamsha watu. André Magnin, Mfaransa aliyekuwa anatafuta kazi za sanaa za Afrika, alifika Bamako akiuliza nani alipiga picha zile. Malick Sidibé hakuwa na haja ya kufikiri sana, alimpeleka kwa mzee Keïta. Masanduku yakafunguliwa.

Mwaka wa 1994 Fondation Cartier ya Paris ilimfanyia maonyesho yake peke yake. Mwaka uleule Bamako yenyewe ilianza maonyesho makubwa ya picha za Afrika, ambayo yanaendelea kurudi mpaka leo. Kiisha picha zake zikaenda mu majumba makubwa ya Ulaya na Marekani.

Na hapo ile hesabu ya zamani ilionyesha matunda yake. Mu studio, picha zilikuwa na sentimita 13 kwa 18, za kushika mkononi. Sasa mafundi wa Paris waliweza kuzitoa kwa ukubwa wa zaidi ya mita moja, na uzi wa kikwembe ukabaki unaonekana. Negatifu kubwa, iliyochaguliwa kwa kukimbia bei ya mashini ya kukuza, ilikuwa imebeba yote. Mzee mwenyewe alipoona watu wake wa Bamako wamekuwa wakubwa na safi vile ukutani, alishangaa na kufurahi.

Furaha ile ilikuja na matatizo. Picha moja ilianza kuuzishwa kwa maelfu ya dola. Mabishano yakaanza: negatifu ziko kwa nani, nani ana haki ya kutoa picha mpya, nani anasimama kwa jina la familia. Seydou Keïta alikufa Paris tarehe 21 mwezi wa kumi na moja 2001, na kiisha kifo chake mabishano yale yalifika mbele ya mahakama huko Ufaransa. Fundi aliyehesabu kila kipande cha filme aliondoka mambo ya makaratasi hayajakwisha.

Kinachobaki kwa studio za leo

Filme leo ni chache, lakini kipimo cha milimita 24 kwa 36 hakikufa. Kisahani kinachopokea mwanga ndani ya apareyi za kisasa zinazoitwa za fremu kamili kina ukubwa uleule. Vijana wengi wa studio wanazitamani, na kwa sababu nzuri: zinaona vizuri mahali pa mwanga kidogo, na zinasaidia kuacha nyuma ya mtu kulainike. Ila bei ya mpya inatisha.

Hesabu ya Keïta inaanza na picha ambayo mteja atabeba, si na apareyi iliyo mu tangazo. Picha ya sentimita 13 kwa 18 iliyotoka vizuri inaomba pikseli karibu milioni 3,3. Ile ya ukubwa wa karatasi ya A4 inaomba chini ya milioni 9. Canon EOS 5D, apareyi ya fremu kamili iliyotoka 2005, ina pikseli milioni 12,8. Nikon D700 ya 2008 ina milioni 12,1, na Canon EOS 5D Mark II ya mwaka uleule ina milioni 21,1. Hizo zote ni za zamani sasa, zinapatikana zilizotumika kwa bei ndogo sana kuliko mpya, na kwa picha ya mtu aliyekaa studio zinatosha na kubaki.

Anayenunua iliyotumika anapaswa kuuliza imebonyezwa mara ngapi. Canon 5D ilitengenezwa kwa kukadiria mara 100.000, na zile mbili za 2008 mara 150.000, ikiwa imekwisha kupita hapo, bei lazima ishuke. Apige picha ya ukuta mweupe, atazame kama kuna madoa. Ajaribu batri na sharjeri, na aulize kama batri nyingine zinapatikana mu muji. Feza zinazobaki ziende kwenye lenzi. Ya milimita 50 yenye mdomo wa 1.8 ni ya bei ndogo na inafaa mtu mzima ao watu wawili; ya milimita 85 inafaa uso na mabega.

Kiisha pale kuna mwanga. Mahali umeme unakatika na mafuta ya jenereta yako ghali, dirisha kubwa, ukuta mweupe na lupango lenye kivuli ni vyombo vya kazi sawa taa. Na kwa sababu apareyi ya leo hailipishi kila picha, wengi wanabonyeza mara mia kwa mteja mmoja, kiisha wanashinda usiku kwenye kompyuta wakitafuta moja nzuri. Keïta aliipata mbele ya kubonyeza.

Linalobaki ni jina. Yeye alikuwa na kashe nyuma ya picha na negatifu mu sanduku, na hata vile New York hawakumjua. Studio ya leo ambayo picha zake zote ziko mu simu moja ao kompyuta moja iko hatarini zaidi: siku ya mwizi, ya moto ao ya kukimbia vita, kila kitu kinakwenda. Diski mbili zilizowekwa nyumba mbili tofauti, zenye mwaka na jina la studio juu yake, hazifiki bei ya lenzi moja. Na karatasi iliyoandikwa na kusainiwa, inayosema picha hizi ni za nani na nani atazisimamia, haina bei kabisa.

Watu waliokaa mbele ya shuka lile la kitanda, wengi wao wamekwisha kufa. Mu Bamako bado kuna familia zinazomtambua mama ao babu yao ndani ya picha zinazoonyeshwa Ulaya, kwa sababu tu fundi mmoja nyuma ya boloko alitunza masanduku yake.